Foleni ya Malipo na Akiba ya Vikao

Tangu Safaricom ilipofungua Daraja mwaka 2017, mfumo unaoziwezesha programu za wafanyabiashara kupokea taarifa za M-Pesa moja kwa moja, wenye maduka huweza kukumbana na jambo la kutatanisha: malipo ya mteja mmoja kuonekana mara mbili kwenye kompyuta, ilhali pesa zilikatwa mara moja tu. Sababu mojawapo imo katika namna seva inavyoihudumia foleni yake.

Seva iliyoundwa vyema haimalizani na kila taarifa papo hapo, bali huiweka kwenye foleni, yaani hifadhi ya ujumbe unaongoja zamu, kisha huikabidhi kwa kikao. Kikao ni njia ya mawasiliano iliyokwisha kufunguliwa kati ya programu na foleni, na kwa mujibu wa kanuni za JMS za programu za Java, ambazo toleo lake la 1.1 lilitoka mwaka 2002, kikao hushughulikia kazi moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kukifungua kunagharimu muda na kumbukumbu, vikao kadhaa hufunguliwa mapema na kuwekwa akiba.

Ili kuona akiba hiyo inavyofanya kazi, na ichukuliwe kwamba makumbusho ya Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako mwanaakiolojia Louis Leakey alichimbua mashoka ya mawe, yana waongozaji watatu. Wote wakiwa bondeni na wageni, kundi la nne hungoja langoni, wala haajiriwi mtu mpya kwa ajili yake; anayetangulia kurudi ndiye anayelipokea. Uzuri hasa umo katika daftari la langoni, kwa sababu jina la kundi halikatwi linapoingia, bali hukatwa mwongozaji anaporudi na kuarifu kwamba kazi imekwisha. Akiugua njiani kabla ya kuarifu, jina lingali pale, na karani, asiyeweza kujua yaliyotokea bondeni, hulikabidhi kundi kwa mwongozaji mwingine, hata kama lilikwisha kuyaona mashoka yote.

Waongozaji ni kama vikao, makundi ni kama ujumbe, na kukata jina huko ndiko kuthibitisha ujumbe, yaani kuiarifu foleni kwamba kazi imekwisha. Kikao kikifa baada ya kuandika malipo kwenye hifadhidata lakini kabla ya kuthibitisha, foleni huutoa ujumbe upya na malipo huandikwa tena. Ni kasoro iliyochaguliwa kwa busara, kwani kinyume chake ni malipo kupotea kabisa. Tena akiba yenye kikomo huilinda hifadhidata: ikiwa kila ujumbe huchukua milisekunde 200, vikao 10 humaliza ujumbe 50 kwa sekunde, na unaozidi hungoja salama, ingawa mfuatano wake huenda ukavurugika.

Dawa ya marudio imo ndani ya ujumbe wenyewe, katika namba ya muamala ya M-Pesa yenye herufi na tarakimu 10, ambayo hifadhidata ikiagizwa isiipokee mara mbili, kikao cha pili huikuta imekwisha kuandikwa, huthibitisha ujumbe bila kuongeza malipo, na kurudi kwenye akiba.