Kamera ya Picha za Mnato Katika Majlisi ya Nikahi



Siku nilipomwozesha binti yangu, mpiga picha alikuja na kamera ya DSLR, ile ya picha za mnato ambayo hurekodi video pia. Kwa uzuri wa picha sina la kulaumu. Kihisi chake cha mwanga ni kikubwa kuliko cha kamera za video za nyumbani, na lenzi zake hubadilishwa. Hivyo katika ukumbi wenye taa hafifu nyuso zilionekana bayana, na mapambo ya nyuma yakafifia kama ukungu.

Ila hotuba ya nikahi ilirefuka, na kamera ikajizima kimya kimya. Ijabu na kabuli hazimo. Mama yangu mzazi, aliyebaki Tanga kwa uzee, aliwaona maharusi wakilishana keki, asisikie mjukuu wake akiozwa.

Wala haikuwa hitilafu. Nikon D90, DSLR ya kwanza kurekodi video, iliyotoka mwaka 2008, ilikoma kila baada ya dakika 5 kwa picha zake bora. Nyingi zilizofuata zilikoma kwenye dakika 29 na sekunde 59, kwa vile ushuru wa forodha wa Umoja wa Ulaya ulikihesabu chombo kinachofikia dakika 30 kuwa kamera ya video.

Sauti nayo ni dhaifu: maikrofoni ya ndani huvuta kelele za watoto na mlio wa lenzi. Basi mwekeeni shehe kinasa sauti, au hata simu, mbele yake, na mpiga picha aambiwe abonyeze upya kabla walii hajashikana mkono na bwana harusi.