Maonyesho ya Zanele Muholi: Kwa nini ukutani huachwa nafasi tupu?

Ukiingia kwenye maonyesho ya mpigapicha wa Afrika Kusini Zanele Muholi, utakuta ukuta mzima umejaa nyuso. Picha zimepangwa kwa safu, zote nyeusi na nyeupe. Halafu ghafla unaona pengo: hapo hakuna picha.

Unaweza kudhani imeanguka au imeibwa. Hapana. Pengo limeachwa makusudi.

Nyuso za kina nani?

Mfululizo huo unaitwa Faces and Phases. Muholi aliuanza mwaka 2006, na sasa una picha zaidi ya 500 za wanawake weusi wanaopenda wanawake wenzao, watu waliobadili jinsia na wengine wasiojiita mwanamke wala mwanamume.

Muholi mwenyewe, aliyezaliwa Umlazi, Durban, mwaka 1972, hajitambulishi kama mwanamke wala mwanamume. Kwa Kiingereza waandishi hulazimika kuchagua neno la kumtaja. Kwa Kiswahili hilo halisumbui: yeye ni yeye tu.

Kwa nini picha hizi zilihitajika?

Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inakataza ubaguzi kwa misingi ya mapenzi ya jinsia moja, na mwaka 2006 nchi hiyo ikawa ya kwanza Afrika kuruhusu ndoa za aina hiyo. Lakini sheria ni kitu kimoja, mtaani ni kitu kingine. Katika vitongoji vya watu weusi, wanawake wanaopenda wanawake wamebakwa na kuuawa kwa kisingizio cha "kuwarekebisha".

Mara nyingi, mtu wa aina hiyo alionekana gazetini akiwa tayari ni maiti. Muholi alitaka waonekane wakiwa hai.

Kila kitu kina sababu

Bendera ya upinde wa mvua, iliyoanza San Francisco mwaka 1978 ikiwa na rangi nane, huzungumza kwa rangi. Faces and Phases imeenda njia nyingine kabisa. Rangi zimeondolewa, jicho lako linabaki kwenye uso.

Anayepigwa picha kwa kawaida hutazama kamera moja kwa moja, maana yake anakutazama wewe. Na Muholi hawaiti watu hawa "mada" za picha, anawaita washiriki. Kichwa cha kila picha ni jina la mtu, mahali na mwaka. Si "mwathirika", si "msagaji mmoja wa Soweto". Jina lake.

Sasa turudi kwenye pengo. Nafasi tupu ni ya mtu ambaye hayupo tena kwenye mradi, au ambaye picha yake bado haijapigwa. Mshairi Busi Sigasa alikuwa miongoni mwa washiriki wa kwanza, mwaka 2006. Mwaka uliofuata alifariki. Picha imebaki, mwenyewe hayupo.

Si kila mtu alipiga makofi

Agosti 2009, Lulu Xingwana, wakati huo waziri wa sanaa na utamaduni, aliondoka kwenye maonyesho jijini Johannesburg yaliyokuwa na picha za Muholi. Baadaye alieleza kuwa picha hizo zinakiuka maadili na haziendani na ujenzi wa taifa.

Mwaka 2012 wezi waliingia nyumbani kwa Muholi, Cape Town, wakabeba diski za kuhifadhia picha zaidi ya 20. Kazi ya miaka ikapotea.

Muholi hakuacha. Mwaka huohuo alianza mfululizo wa picha zake mwenyewe, Somnyama Ngonyama, ambapo huongeza weusi wa ngozi yake makusudi. Katika picha moja ya mwaka 2015 amejibana vibanio vya nguo kichwani na masikioni. Inaitwa Bester, jina la mama yake, aliyefanya kazi za ndani kwa zaidi ya miaka 40.

Mwaka 2020 kazi hizi zilifika Tate Modern, London, mojawapo ya makumbusho makubwa ya sanaa duniani. Na hata huko, kwenye ukuta wa nyuso, mapengo yaliachwa. Mengine yanasubiri mtu. Mengine hayatajazwa kamwe.