Mjengo wa Ukutani

Oya mwana, Tunduma tunajuana. Ghetto la mshkaji: godoro chini, jiko la gesi pembeni ya viatu, ila ukutani kuna mjengo. Poster ya ghorofa, nguzo nyeupe, swimming pool, ndinga nyekundu, geti la dhahabu. Geti tu linazidi ghetto zima.

Wazee wanasema ushamba. Wazee nao! Sebuleni kwao kalenda ya mwaka juzi bado inaning'inia.

Kutambia mjengo kwa picha hatukuanza sisi. Baba lao ni Louis XIV wa Ufaransa. Jamaa kajenga jumba la Versailles, kaona haitoshi, maana nani atafunga safari mpaka huko aje kushangaa? Akaweka mafundi wachonge picha kwenye mabamba ya shaba, zikachapwa, zikafungwa vitabu vikali, mabalozi na wakubwa wenzake wakapewa zawadi. Hiyo ndo status ya karne ya 17, na huwezi kui-mute.

Vigogo wa Uingereza nao hawakukubali kupitwa. Waholanzi wawili, Leonard Knyff anachora, Johannes Kip anachonga, mwaka 1707 wakatoa Britannia Illustrata: picha 80, nyingi ni majumba ya mabwanyenye. Kinachoniua ni kwamba yanaonekana kutoka juu. Droni kabisa! Na puto la kwanza kubeba watu lilikuja kupaa 1783, Paris. Knyff miguu iko kwenye tope, akili iko angani.

Kwa nini juu? Ukisimama barabarani utaona geti, basi. Ukiwa juu unaona jumba, mabanda ya farasi, bustani zilizonyooka kama zimepigwa rula, njia za miti zinakimbia mpaka macho yanagoma. Maana yake: hapo macho yalipogomea, bado ni kwangu. Watu wapo, ila vidoti. Huyo mwenye toroli huko chini kawekwa ili bosi aonekane mkubwa.

Halafu kuna uhuni ndani yake. Bustani nyingine zilikuwa mipango tu. Mti haujapandwa, picha iko sokoni. Usijifanye humjui mtu wa hivyo. Kiwanja chake kiko Mpemba, msingi umeota majani, ila WhatsApp nyumba imeshaezekwa, imepakwa rangi, na geti linafunguka kwa rimoti.

Pwani nako hawakulala. Sultani Barghash kamaliza jumba lake, Beit al-Ajaib, 1883, Unguja, kaielekeza baharini kusudi meli ikiingia tu ikutane nayo. Ikaja kuwa na taa za umeme mpaka lifti! Baadaye wapiga picha wa mjini, akina A. C. Gomes, wakaitembeza dunia kwa kadi za posta. Desemba 2020 sehemu ya jengo ikaporomoka. Kwenye kadi bado limesimama, linatesa.

Sasa wewe unataka mjengo wako upigwe picha kutoka juu kama lodi wa Kiingereza. Fresh. Ila mtu wa droni anakutajia hela ya bando kadhaa za bati, na ukimwambia utalipa kwa kwacha anapandisha tena. Halafu droni inataka kibali, mzee, na hapa ni mpakani. Ukirusha kienyeji, geti utakalopigia picha ni la polisi.