VIFARANGA WA BATA MZINGA: SIKU ZA KWANZA NDIZO ZA HATARI

Bata mzinga ni ndege wa heshima. Ni mkubwa, nyama yake ni nyingi, na wakati wa Krismasi bei yake humfurahisha kila mwenye kumfuga. Kwa sababu hiyo wakulima wengi, na hata makarani wenye viwanja vidogo nyumbani kwao, hutamani kuanza kazi hii. Lakini mara nyingi matumaini yao hukatika upesi. Mtu hununua vifaranga wake siku ya Jumatatu wakiwa wazima, na kabla ya Jumapili amekwisha kuzika wengi wao. Ndipo husema kwamba ndege hawa ni dhaifu mno, au kwamba jirani amewatazama kwa kijicho.

Maneno hayo si ya kweli. Vifaranga hao hufa kwa sababu zinazojulikana, na karibu zote zaweza kuzuiwa na mtu asiye na mtambo wowote, illa ana kandili, sanduku na bidii ya kutazama. Na yafaa azizuie, kwa maana kifaranga mmoja wa bata mzinga hununuliwa kwa fedha ambayo ingenunua vifaranga kadhaa wa kuku.

Jina lisikudanganye

Kwanza, ijapokuwa ndege huyu aitwa bata, yeye si bata. Vidole vyake havikuunganishwa kwa ngozi, wala haogelei. Yeye ni wa jamaa ya kuku, kanga na kwale. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Watu wa Meksiko walimfuga tangu zamani sana, na Wahispania wakampeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Basi usimwekee vifaranga wake beseni la maji ukidhani watafurahi. Kifaranga aliyelowa hupoteza joto lake, na yamkini atakufa usiku uleule.

Pili, wala yeye si kuku. Anahitaji joto zaidi kuliko kifaranga wa kuku, anahitaji chakula chenye nguvu zaidi, ni mzito wa kutambua chakula chake, tena yampasa kukaa mahali ambapo kuku hawapiti. Mtu akiyashika mambo haya manne, atakuwa amekwisha kuyajua yaliyo makubwa katika kazi hii.

Majira ya kuanza

Mayai ya bata mzinga huatamiwa siku 28, yaani juma moja zaidi ya mayai ya kuku. Baada ya kutotolewa, ndege wa kienyeji anahitaji kama miezi 6 kabla ya kuwa mkubwa wa kutosha kuuzwa. Kwa hiyo anayetaka kuuza wakati wa Krismasi hana budi kuyaweka mayai mwishoni mwa mwezi wa Mei, ili vifaranga watoke mwishoni mwa Juni.

Hapo ndipo penye shida kwa sisi wa nyanda za juu. Katika Limuru, Nyeri na Kinangop, miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi na ukungu, na ardhi bado ina maji ya mvua za masika. Vifaranga wanaotakiwa kwa Krismasi huzaliwa katika majira yaliyo mabaya kwao kuliko yote. Asiyeweza kuwapa joto usiku kucha kwa majuma 6 ni heri asianze mwezi huo, bali angoje majira ya joto na kuuza wakati mwingine.

Kutayarisha nyumba

Tayarisha mahali pao kabla hawajafika, wala si baada ya kufika. Chumba kiwe kikavu, kisichopitisha upepo karibu na sakafu, lakini chenye tundu la hewa juu. Tandika maranda makavu ya mbao au maganda ya mpunga kiasi cha inchi 3. Kwa siku chache za kwanza funika maranda hayo kwa gunia safi, kwa sababu vifaranga wageni hudonoa kila kitu, na wengine hujaza matumbo yao takataka na kufa na njaa wakiwa wameshiba. Usitandike magazeti matupu, maana huteleza na miguu ya vifaranga hutanuka ikalemaa.

Zungushia jamvi au karatasi ngumu ili kufanya boma la mviringo. Boma lisiwe na pembe. Vifaranga wakiona baridi au wakishtuka usiku hujazana pembeni, wakapandana, na asubuhi utakuta wa chini wamekufa kwa kukosa pumzi. Kwa ukubwa wa mahali, kadiria futi 1 ya mraba kwa kila kifaranga mpaka wafike majuma 6. Baada ya hapo wapanulie.

Joto

Juma la kwanza, joto chini ya taa liwe nyuzi 35 za sentigredi. Kila juma punguza nyuzi 3, mpaka kufikia nyuzi 21. Mwenye stima atumie balbu iliyoning'inizwa juu ya boma. Asiye nayo atumie kandili iliyozungushiwa wavu, au jiko la makaa yaliyokwisha kushika vizuri. Lakini na ajihadhari: hewa ya makaa ni sumu, nayo huua ndege na watu pia. Lile tundu la juu lisizibwe kamwe kwa kuogopa baridi.

Asiye na kipimo cha joto awatazame vifaranga wenyewe. Wakisongamana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni, wakifungua midomo na kuachia mabawa, joto limezidi. Wakitawanyika, wengine wakila na wengine wakilala kwa utulivu, joto ni sawa. Yafaa mwenyewe aamke mara moja katikati ya usiku kuwatazama, kwa sababu baridi kali huja alfajiri, wakati taa nyingi zimekwisha mafuta.

Siku 5 za kwanza

Kifaranga hutoka katika yai akiwa na mabaki ya kiini tumboni mwake. Mabaki hayo humlisha siku 2 au 3. Wakati huo aonekana mzima, na mwenyewe hudhani kwamba anakula. Kumbe hali kitu. Akiba ile ikiisha, hulegea ghafla, na kati ya siku ya 3 na ya 5 vifaranga hufa kwa wingi. Wengi husema ni ugonjwa. Kwa kweli ni njaa, na chakula kiko mbele yao.

Basi wafundishe. Siku ya kuwasili, mshike kila mmoja, uchovye ncha ya mdomo wake katika maji ya uvuguvugu, kisha katika chakula. Fanya hivyo tena baada ya saa chache kwa wale waliozubaa. Chombo cha maji kiwe cha kina kifupi, na utie ndani yake vijiwe safi vinavyong'aa. Mng'ao huo huwavuta wadonoe, tena vijiwe huwazuia wasiingie na kulowa. Sambaza chakula juu ya sinia bapa, na juu yake nyunyiza yai lililochemshwa na kukatwakatwa pamoja na majani mabichi ya vitunguu. Rangi ya kijani huwapendeza sana. Wawashie taa mchana na usiku kwa siku 3 za kwanza, wapate kuona. Jioni papasa kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Kikiwa kitupu, mlishe huyo kwa mkono.

Chakula chao

Vifaranga hawa hukua upesi, nao wahitaji chakula cha kujenga mwili kuliko kuku. Kwa majuma 8 ya kwanza, chakula chao yapasa kuwa na protini kiasi cha sehemu 28 katika kila 100. Kile cha vifaranga wa kuku huwa na sehemu kama 20 tu. Ukikosa chakula maalum, ongeza unga wa omena waliokaushwa vizuri, mayai yaliyochemshwa, na maharagwe ya soya yaliyopikwa na kusagwa. Unga wa mahindi peke yake hauwatoshi. Wakianza kula majani, wape na mchanga safi wa chengachenga uwasaidie kusaga.

Jambo moja ni la kuangaliwa sana. Vyakula vingine vya kuku wa nyama hutiwa dawa ya kuzuia kuhara damu iitwayo salinomisini. Dawa hiyo haiwadhuru kuku, lakini ni sumu kwa bata mzinga. Soma maandishi ya mfuko kabla ya kununua, na usipoelewa, uliza.

Kuku ni jirani mbaya

Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote ni ule uitwao kichwa cheusi. Mwaka 1895 mtaalamu wa Marekani, Theobald Smith, alikitambua kijidudu kinachouleta. Mwaka 1920 yeye na mwenzake Graybill walionyesha njia yake: kijidudu hicho hujificha ndani ya mayai ya minyoo midogo ya utumbo wa kuku. Kuku mwenyewe kwa kawaida haonyeshi ugonjwa, lakini kinyesi chake huacha mayai hayo katika udongo, nayo hudumu humo mwaka na zaidi. Nyungunyungu pia huyameza na kuyahifadhi. Bata mzinga akidonoa udongo huo, maisha yake yamo hatarini.

Dalili zake ni hizi: ndege huinamisha kichwa, huachia mabawa, hukataa chakula, na kinyesi chake huwa cha rangi ya manjano kama kiberiti. Ukipasua aliyekufa utaona ini lina mabaka ya mviringo. Hakuna dawa ya kutegemewa, kwa hiyo kinga ndiyo tiba. Usiwaweke bata mzinga pamoja na kuku, wala usiwape uwanja uliokuwa wa kuku. Viatu vya banda la kuku visiingie kwao. Kama shamba ni dogo, wajengee ulingo wenye sakafu ya wavu, ulioinuliwa kutoka ardhini, ili kinyesi kianguke chini.

Kwa sababu hiyohiyo, desturi ya kumwachia kuku aatamie mayai ya bata mzinga ina hatari yake. Ukilazimika kuifanya, mpe kuku huyo dawa ya minyoo mapema, na uwaondoe vifaranga kwake mara wakaukapo. Ukitumia mama yao mwenyewe, mfungie katika kizimba mpaka umande ukauke, maana yeye hupenda kutembea mbali, na watoto humfuata katika majani mabichi wakalowa.

Kideri nacho huwapata, basi mwulize ofisa wa mifugo juu ya chanjo. Ndege akifa bila sababu kujulikana, mpeleke kwa ofisa huyo siku hiyohiyo, au katika maabara ya mifugo ya Kabete kama uko karibu. Usimtupe jalalani, wala usimpe mbwa.

Anza kwa wachache

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika idadi ya vifaranga, tarehe waliyofika, bei ya chakula, na kila anayekufa pamoja na umri wake. Daftari hilo litakuambia kosa liko wapi: wakifa siku ya 4, tazama sahani, wakifa usiku wa baridi, tazama taa, wakifa mwezi wa 3 wenye kinyesi cha manjano, tazama kuku wako.

Anayeanza asinunue zaidi ya 10 au 12. Awatunze mpaka ngozi ya vichwa vyao ianze kuwa nyekundu, kiasi cha majuma 8. Alama hiyo ikionekana, udhaifu wa utoto umepungua, na ndege wataweza kutoka nje mchana kula majani. Mwaka wa pili, akiwa na daftari lake mkononi na uwanja usio na kuku, ndipo aongeze hesabu.