Tovuti ya Kaunti Yahamia Seva Mpya: Ukiona Hitilafu, Soma Ujumbe Ulio Kwenye Skrini

Mama mmoja alifika katika afisi yetu Jumatatu asubuhi akiwa na simu mkononi na hasira usoni. Alikuwa ameingia saiba mara 2 kutafuta fomu ya basari ya mwanawe aliye shule ya upili. Mara zote mbili alilipa na kuondoka mikono mitupu. Mhudumu alimwambia kuwa fomu zimefungwa.

Fomu hazikuwa zimefungwa. Tovuti ya kaunti ndiyo iliyokuwa na hitilafu, baada ya kuhamishwa Jumapili jioni kutoka seva ya zamani hadi seva mpya. Tunamwomba radhi mama huyo na wakazi wote waliopoteza muda na pesa. Tulifaa kutoa tangazo kabla ya kuhama, na hatukutoa.

Hitilafu nyingi zimerekebishwa, lakini huenda nyingine bado zikajitokeza. Makala haya yanaeleza chanzo chake, jinsi ya kuzitambua, na mahali pa kupata huduma wakati tovuti haifunguki.

Kuhamisha tovuti ni nini?

Seva ni kompyuta inayowaka usiku na mchana, ikihifadhi kurasa na fomu ili mtu yeyote mwenye intaneti azipate. Seva ya zamani ilikuwa imelemewa, hasa siku ambazo watu wengi hutafuta fomu kwa pamoja.

Kuhamia seva mpya ni kama mwenye duka kuhama jengo. Anahamisha bidhaa, daftari la hesabu, kibali kinachobandikwa ukutani, na kibao cha njiani kinachowaelekeza wateja. Akisahau kimoja, duka linaweza kuwa wazi na bado wateja wasihudumiwe. Kila kitu kilichosahaulika huleta ujumbe wake kwenye skrini yako.

Jirani anaifungua, mimi siwezi

Hapa tatizo ni kibao cha njiani. Kompyuta hutafutana kwa nambari, lakini sisi huandika majina. Mfumo unaobadilisha jina la tovuti kuwa nambari ya seva huitwa DNS. Kampuni ya intaneti ikishauliza nambari hiyo huihifadhi kwa muda ambao mwenye tovuti ameuweka, ili isiulize kila mara. Muda huo mara nyingi huwa kati ya saa 1 na saa 24. Ndiyo maana mtu wa mtandao mmoja anaweza kufika seva mpya huku jirani yake, mwenye laini ya mtandao mwingine, bado anaelekezwa kwa ile ya zamani.

Mafundi hushauri muda huo upunguzwe hadi dakika 5 siku moja au mbili kabla ya kuhama. Sisi hatukufanya hivyo, na likawa funzo.

Ukikwama hapa, zima simu na uiwashe tena, au jaribu laini ya mtandao mwingine. Ikikataa, subiri hadi kesho yake. Hakuna haja ya kununua bando jingine.

Skrini inasema tovuti si salama

Hiki ndicho kibali cha ukutani. Kila tovuti ya kuaminika huwa na cheti cha usalama kinachothibitisha kwamba ni yenyewe, na kinachoficha unachoandika ili mtu wa kati asikisome. Cheti kisipowekwa vizuri kwenye seva mpya, simu hutoa onyo.

Kwanza, angalia tarehe ya simu yako. Ikiwa imekosewa, onyo hutokea hata kama tovuti haina kasoro. Tarehe ikiwa sahihi na onyo bado lipo, usiendelee. Usiandike nambari ya kitambulisho, nenosiri wala nambari ya simu katika ukurasa huo.

Angalia pia jina la tovuti. Tovuti za serikali nchini Kenya huishia kwa .go.ke. Matapeli hupenda nyakati za mkanganyiko kama hizi, na kiungo kilichosambazwa kwenye WhatsApp kinaweza kukupeleka kwingine kabisa.

Nambari 404

Maana yake ni kwamba umefika dukani lakini bidhaa uliyoitaka haipo kwenye rafu. Faili haikuhamishwa, au imebadilishwa jina.

Hivi ndivyo fomu ya basari ilivyopotea. Seva yetu ya zamani haikujali herufi kubwa na ndogo. Seva mpya hujali. Faili ilihifadhiwa kwa jina Basari.pdf, lakini kiungo kilikuwa kinaita basari.pdf. Kwa seva mpya hayo ni majina mawili tofauti, kwa hivyo ikajibu kuwa haina faili kama hiyo. Herufi moja tu iliwafanya wazazi waamini kuwa wamechelewa.

Kiungo hicho kimerekebishwa. Ukikutana na 404 kwingine, rudi ukurasa wa kwanza wa tovuti na ufuate njia kutoka hapo badala ya kutumia kiungo cha zamani ulichohifadhi.

Nambari 500, au ukurasa mweupe

Hili ni tatizo la ndani ya seva. Mara nyingi programu ya tovuti imeshindwa kufungua hifadhidata, yaani daftari lenye kumbukumbu zote, kwa sababu bado inatumia anwani au nenosiri la seva ya zamani. Hakuna unachoweza kurekebisha kwenye simu yako. Usibonyeze kitufe cha kutuma tena na tena, kwani ombi lako linaweza kuingia mara mbili. Turipotie, kisha usubiri.

Kwako ilifunguka vizuri? Tafadhali soma hapa

Mtu ambaye tovuti haikumsumbua kamwe ndiye anayehitaji kuwa makini zaidi. Huenda simu yake ilikuwa bado inaelekezwa kwenye seva ya zamani, ambayo haikuwa imezimwa. Alijaza fomu, akatuma, na ombi likaingia katika daftari la zamani wakati maafisa walikuwa tayari wanasoma jipya.

Iwapo ulituma ombi la basari au la kibali cha biashara kuanzia Jumapili jioni hadi Jumatano, fika katika afisi ya msimamizi wa wadi yako ukiwa na nambari ya ombi. Kama hukupewa nambari, nenda na picha ya skrini au ujumbe wowote uliopokea. Seva ya zamani itabaki ikiwaka hadi maombi yote ya siku hizo yalinganishwe na kuhamishwa.

Huduma hazisimami tovuti ikisimama

Fomu za karatasi zinapatikana katika afisi za wadi na za kaunti ndogo, na zina uzito sawa na zile za mtandaoni. Matangazo ya mikutano ya ushirikishwaji wa umma yamebandikwa katika mbao za matangazo za afisi hizo hizo.

Kupata habari hizi ni haki yako. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuziomba kwa maandishi, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Tovuti kuharibika si sababu ya kumnyima mkazi habari hizo.

Unaporipoti hitilafu

Kusema tu kwamba tovuti imekataa hakumsaidii fundi kujua pa kuanzia. Tueleze mambo 4: maneno au nambari iliyo kwenye skrini, ukurasa uliotaka kufungua, saa uliyojaribu, na mtandao uliotumia. Picha ya skrini inatosha zaidi. Unaweza kuipeleka katika afisi yoyote ya wadi, nasi tutaipata.

Hakuna ada ya kuripoti, na hakuna afisa wa kaunti atakayekupigia simu kukuomba pesa au nenosiri ili akurekebishie ombi lako. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, kata na uripoti kwa polisi.

Yule mama aliondoka na fomu ya karatasi siku hiyo hiyo. Mzazi mwingine yeyote aliyeambiwa kuwa fomu zimefungwa anaweza kuichukua pia katika wadi yake.