Kutoka Buluo hadi Zambia kwa pikipiki: hatari inakuja wakati woga umekwisha

LIKASI – Anayetoka Buluo na pikipiki ili kufika Kasumbalesa anafanya safari ya kilometa 200 hivi, kupitia Lubumbashi. Njia yote hiyo anabaki mkono wa kuume, kama alivyozoea tangu siku ya kwanza aliposhika pikipiki. Akiisha kupita kwa maofisa wa DGM na DGDA, akapigiwa muhuri upande wa pili wa baria, anaingia inchi ambamo magari yote yanapita kushoto. Pikipiki ni ile ile. Hata lugha si ngeni sana, maana Kibemba cha Chililabombwe na Chingola watu wengi wa Likasi wanakisikia. Kitu kimoja tu kimegeuka, na hicho kinatosha kumuua mtu.

Kongo ilirithi kuume kwa Wabelgiji. Zambia ilirithi kushoto kwa Waingereza. Kati ya inchi 9 zinazopakana na yetu, 3 zinapita kushoto: Zambia, Tanzania na Uganda. Kwa hiyo jambo hili linamgusa pia motari wa Beni anayevuka Kasindi, na yule wa Rutshuru anayevuka Bunagana. Anayeingia Rwanda, Burundi ao Angola hana shida hiyo.

Wengi wanafikiri hatari iko pale kwenye baria. Kwa kweli pale mtu anaogopa, anaenda polepole, anafuata kamio iliyo mbele yake. Mtu mwenye woga hakosei upande. Wasuedi waliona jambo hilo inchi nzima: tarehe 3 Septemba 1967, saa kumi na moja ya asubuhi, Sweden yote ilihama kutoka kushoto kwenda kuume, kisha matayarisho ya miaka. Kila mtu alitazamia ajali nyingi. Siku za kwanza ajali zilipungua, kwa sababu wote walikuwa makini. Watu walipozoea, hesabu ikarudi kama zamani.

Motari wetu anapitia hayo peke yake, bila serikali kumtayarisha. Siku ya kwanza anafika Chingola salama. Analala. Asubuhi anatoka kwenye lango la nyumba ya wageni, barabara haina gari hata moja, na mkono unampeleka kuume bila yeye kujua. Ao anatoka kutia esansi: ameingia stasio vizuri, lakini wakati wa kutoka akili iko kwenye bei ya kwacha, na pikipiki inashika upande wa nyumbani. Barabara tupu inadanganya kuliko yenye magari mengi, kwa maana hakuna gari la kukukumbusha.

Kuna saa moja iliyo mbaya kuliko zote: kushituka. Mbuzi anaruka, mtoto anakimbilia mpira, gari linatokea kwenye kona. Mwili haungoji akili; unakimbilia upande unaoujua. Huku kwetu kukimbilia kuume ni kukimbilia majani. Zambia, kukimbilia kuume ni kuingia mbele ya makamio yanayokuja. Dawa yake si kufikiri haraka, hakuna anayeweza. Dawa ni kwenda polepole kiasi kwamba freni ikutoshe bila kuhama njia.

Mwenye gari ana usukani wa kumkumbusha: akikaa karibu na shimo la pembeni badala ya katikati, anasikia kwamba kuna kitu si sawa. Pikipiki haina kuume wala kushoto. Lakini mikono yake miwili haifanyi kazi moja. Kushoto kuna ambreyaje, kuume kuna freni ya mbele. Ukipita Kongo, mkono wa ambreyaje ndio uko karibu na mstari wa katikati ya barabara. Ukipita Zambia, mkono wa freni ndio uko karibu na mstari huo. Basi sema moyoni kila unapowasha moto: huku, freni katikati. Wengine wanafunga kitambaa kwenye mkono wa pikipiki. Ni vizuri, ila kitambaa kinazoeleka kisha siku mbili na macho hayakioni tena. Maneno unayoyasema mwenyewe kila unapoondoka yanadumu zaidi.

Kwenye njia panda, kukata kushoto ndiko kumekuwa kufupi, na kukata kuume ndiko kunavuka magari yanayokuja. Kabla ya kuvuka, jicho la kwanza liende kuume, ndiko gari la karibu linatokea. Kwenye rompwe magari yanazunguka kama mishale ya saa, kinyume na yetu, na unamwachia njia anayetoka kuume kwako. Kupita gari lingine ni kwa kuume, kwa hiyo kioo cha kuume ndicho cha kutazama kwanza. Kama kilivunjika zamani na ulikuwa unaendelea bila kujali, nunua kingine kabla ya kuondoka Likasi.

Tena kuna jambo dogo ambalo halisemwi: mguu wa kusimamishia pikipiki uko kushoto. Ukisimama pembeni ya barabara ya Zambia, upande huo ndio unaoteremka kuelekea mtaro, na pikipiki yenye mzigo inalala zaidi, hata inaanguka. Tafuta mahali pa sawasawa. Abiria naye ashuke kushoto, kwenye majani, si kuume kwenye njia ya magari. Kwa bahati, kwa pikipiki nyingi bomba la moshi liko kuume, kwa hiyo kule hataunguza mguu kama wanavyounguza mama zetu hapa.

Motari wa Likasi ana faida moja: anaweza kujifunza kabla ya kuondoka. Barabara ya kitaifa namba 1 imejaa makamio yanayotoka Zambia, Tanzania na Afrika Kusini, na dereva amekaa kuume. Kwenye barabara yetu dereva huyo hawezi kuona mbele ya kamio anayoifuata mpaka atoe pua yake katikati. Wewe unayekuja mbele, ukiona pua hiyo, usidhani amekwisha kukuona. Ndiyo kwanza anatafuta. Na ukimpita kwa kushoto kwake, uko upande ulio mbali na macho yake. Zambia utampita karibu na dirisha lake, atakuona vizuri zaidi. Hata hivyo, lile linalobeba asidi ya kazi za migodi usilifuate karibu, huku ao kule.

Wazambia nao wanageuka, na mara nyingine mara mbili kwa siku moja. Wanaotoka Mufulira kwenda jimbo la Luapula wanakata kwenye ardhi yetu, territoire ya Sakania, kutoka Mokambo hadi karibu na Chembe, kilometa kama 70. Kwenye kipande hicho wao ndio wageni, wanashika kuume kwa kujilazimisha. Anayepita huko kwa pikipiki akumbuke kwamba dereva anayekutana naye huenda saa moja nyuma alikuwa kushoto.

Karatasi sasa. Permi, karte rozi, plaki inayosomeka, na hati ya duane ya kuingiza pikipiki kwa muda. Nyingine inayosahauliwa ni kadi ya manjano ya COMESA, asiransi inayotambuliwa Zambia, Uganda, na hata Tanzania ijapokuwa Tanzania si mwanamemba wa COMESA. Inanunuliwa kwetu kabla ya safari. Inalipa madhara uliyomfanyia mwingine. Pikipiki yako haitaitengeneza. Asiyekuwa na asiransi, akimgonga mtoto Chingola, jamaa yake Buluo ndiyo itakayouza kiwanja ili kulipa.

Kasike pia, ya kwako na ya abiria. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linaonyesha kwamba kasike nzuri inapunguza hatari ya kufa kwa 42% na hatari ya kuumia kichwa kwa 69%. Lakini ni ile iliyofungwa kidevuni, si ile inayotundikwa kwenye mkono wa pikipiki kusudi polisi waione.

Usiku, afadhali kulala. Katika giza la kilometa nyingi bila gari, mtu amechoka, mstari hauonekani, na taa ya mbele inayokuja haikuambii mara moja kama wewe ndiye uliyekosea upande ao ni mwingine.

Kisha kuna kurudi. Juma moja Kitwe linatosha mwili kuanza kuzoea kushoto, na mtu akivuka Kasumbalesa anasema amefika nyumbani, anafungua gesi. Kilometa zaidi ya 90 hadi Lubumbashi, makamio ya shaba yanakuja mbele kwa msururu, na yeye hajasema bado: huku, ambreyaje katikati.