Jioni ya Mpira Mjini Tabora

Zamani za misafara, wageni watokao pwani walisikika Tabora kabla hawajaonekana. Kirangozi alitangulia na ngoma, na wapagazi waliingia mjini wakiimba, ingawa kila mmoja alichukua mzigo wa karibu frasila mbili. Siku hizi kelele za furaha namna hiyo husikika jioni, mpira uchezwapo katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, ulioitwa kwa jina la Rais wa pili wa Tanzania.

Mara nyingi mchezo huanza saa kumi, wala si bure. Mpira huchezwa dakika 90, na katikati yake yako mapumziko yasiyozidi dakika 15. Basi uanzao saa kumi huisha karibu na saa kumi na mbili, jua lingali linaonekana. Na kiwanja kisicho na taa hakina njia nyingine. Tabora i juu ya bahari kadiri ya meta 1,200, kwa hiyo joto hupungua upesi jioni, na watazamaji huketi kwa raha wakitafuna karanga. Wengine hupiga ngoma, wengine humfundisha mwamuzi kazi yake, naye hawasikilizi, na ni vema asiwasikilize.

Kwa miaka kadhaa timu ya Kitayosce ilicheza katika daraja lililo chini ya Ligi Kuu. Katika daraja hilo fedha ni kidogo na safari ni ndefu, lakini timu mbili zishindazo zote hupanda juu. Mwaka 2023 Kitayosce ilikuwa ya pili, ikapanda. Mashujaa ya Kigoma nayo ilipanda mwaka ule ule. Hivyo miji miwili ya njia ya kale, iliyotengana kwa reli karibu kilomita 400, ikaingia Ligi Kuu pamoja.

Walakini kupanda ni jambo moja, na kuwa tayari ni jambo jingine. Mwezi wa Agosti 2023 Kitayosce ilikwenda Chamazi, Dar es Salaam, kucheza na Azam. Wachezaji wengi walikuwa hawajapata vibali, wakaingia uwanjani 8 tu badala ya 11. Azam ikafunga mabao manne upesi. Kisha wawili wakaumia, wakabaki 6. Sheria ya mpira husema kwamba timu ikiwa na watu wachache kuliko 7, mchezo hauwezi kuendelea. Maana watu sita katika kiwanja kikubwa kama kile hawashindani tena, wanafukuzwa tu. Mwamuzi akaumaliza.

Mwaka ule timu ikaitwa Tabora United. Ilipata shida msimu mzima, ikaokoka mwishoni kwa michezo ya mtoano, ambayo timu za chini huchezeshwa ili ijulikane ipi ishuke na ipi ibaki.

Tarehe 7 Novemba 2024 ilirudi Chamazi, katika kiwanja kile kile, kucheza na Yanga, mabingwa wa Tanzania. Safari hii walikuwa 11 kamili. Mchezo ulipokwisha, Tabora United ilikuwa na mabao 3, na Yanga 1.